Nani Aufungue Msimu? Mvua ya Kwanza Katika Busia na Tororo

Mtu asafiriye kutoka Jinja kwenda Malaba katika wiki za mwisho za Februari huiona nchi ikiwa imevuliwa nguo zake. Nyasi zimechomwa, vichuguu vimesimama wazi kama walinzi waliosahauliwa zamuni, na vumbi limepaka rangi moja juu ya migomba, mabati na nyuso za watu. Jiwe la Tororo, ambalo kilele chake kiko mita zipatazo 1,483 juu ya usawa wa bahari, huonekana kwa taabu nyuma ya utusitusi wa moshi na vumbi. Kisha siku moja ya Machi, aghalabu alasiri, upepo hugeuka ukaja na harufu ya udongo uliolowa mahali pengine. Wanawake hukimbilia nguo zilizoanikwa, watoto hukimbilia uwanjani. Mvua hiyo ya kwanza pengine haitoshi kupandia hata kunde, lakini kesho yake nchi ina sura nyingine, na watu nao wana mwendo mwingine.

Wenzetu wa nchi za baridi husherehekea kurudi kwa jua. Sisi hatuna sababu ya kufanya hivyo. Busia iko kama nusu digrii tu kaskazini mwa ikweta, na Tororo haifiki hata digrii moja. Mchana wa Januari na mchana wa Julai havina tofauti ya kumtoa mtu kitandani. Kitu kiondokacho na kurudi hapa ni maji. Mvua kubwa huanza Machi na kupungua ifikapo Juni, mvua ndogo huja baina ya Agosti na Novemba, na kwa jumla eneo la miji hiyo miwili hupata milimita zipatazo 1,500 kwa mwaka. Tulipokuwa makadeti tulifundishwa kwamba mto uliochorwa kwenye ramani kwa mstari mwembamba wa buluu ni kitu kimoja Januari na ni kitu kingine kabisa Aprili, na kwamba ofisa asiyeijua tofauti hiyo atayaacha malori yake matopeni. Mkulima wa Busia hakuhitaji kwenda shule ya makadeti ili ajue hayo. Kwake yeye swali lina uzito zaidi, kwani mvua ya kwanza humwuliza mambo mawili kwa pamoja: Je, nimekuja kweli au nimepita tu? Na je, katika boma hili, ni nani mwenye haki ya kuanza kupanda?

Swali la pili ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Tuanze na majina, kwa kuwa majina ni kumbukumbu isiyohitaji karatasi. Wateso, ambao makao yao yameenea kutoka Soroti hadi Tororo na kuvuka mpaka hadi Malaba na Amagoro upande wa Kenya, wana majina yao ya miezi yanayotumika hata leo. Januari ni Orara, jina lenye habari ya majani yanayopukutika. Februari ni Omuk. Machi ni Okwang, ambalo ndani yake mna neno la weupe. Aprili ni Odung'el, na Mei ni Omaruk, mwezi wa uyoga. Waturkana na Wakaramojong, ambao lugha zao ni ndugu wa Kiteso, wana majina yanayofanana na hayo, kama vile Lorara, Lokwang na Lomaruk. Maana yake ni kwamba kalenda hii ilisafiri. Mababu wa Wateso walitoka upande wa Karamoja, na katika karne za 18 na 19 baadhi yao wakafika Tororo na nchi ambayo leo ni magharibi ya Kenya. Walitoka mahali penye msimu mmoja tu wa mvua, wakafika mahali penye misimu miwili; walitoka mahali ambapo ng'ombe ndiye mkubwa wa nyumba, wakafika mahali ambapo wimbi hustawi. Hawakuyatupa majina. Waliyapa kazi mpya, na mwezi uliokuwa ukimwambia mchungaji wapi pa kupeleka mifugo ukaanza kumwambia mama wa nyumbani lini atoe mbegu motoni.

Motoni, tunasema, kwa sababu huko ndiko mbegu ilikokaa. Katika nyumba nyingi za pande hizi masuke ya wimbi na magunzi ya mahindi yaliyochaguliwa kuwa mbegu yalitundikwa juu ya meko, moshi ukayafukuza wadudu mwaka mzima. Kushusha mbegu hizo ni jambo lililofanywa mara moja kwa msimu, na aliyezishusha alijulikana.

Ngoma ya kichuguu

Kabla ya jembe, hata hivyo, huja karamu. Mvua ya kwanza ikishalowesha ardhi, kumbikumbi hutoka. Hao, kama msomaji ajuavyo, ni mchwa wenye mabawa, wafalme na malkia wa kesho, ambao hungoja ardhi ilainike ili waruke, wapoteze mabawa, wachimbe na kuanzisha makundi mapya. Wengi wao hawafiki mbali. Kuku, ndege, mijusi, mbwa na binadamu wote wanawangoja mlangoni.

Zipo aina za kumbikumbi watokao usiku, na hao hukamatwa kwa taa: shimo dogo huchimbwa kando ya kichuguu, taa huwekwa, na wadudu hufuata mwanga na kuangukia shimoni. Lakini ustadi wenyewe uko kwa wale wa mchana. Kichuguu hufunikwa kwa majani ya mgomba au blanketi kuukuu lililotandazwa juu ya fito, likaachwa tundu moja tu la kutokea. Kisha mtu huketi, akalaza kipande cha mti mkavu chini, akaanza kukipiga kwa vijiti viwili. Mapigo ni mepesi na ya haraka, mfano wa matone ya mvua juu ya majani makavu. Wengine hunyunyiza maji kidogo ili udanganyifu ukamilike. Wataalamu wa wadudu hueleza kwamba mchwa huhisi mtetemo wa ardhi kwa miguu yao, hivyo basi bibi mwenye vijiti viwili anazungumza nao kwa njia waijuayo. Tumewaona vijana wenye vyeti vya sekondari wakipiga vijiti hivyo bila mafanikio yoyote, kisha mwanamke wa makamo akachukua nafasi yao, na kwa muda usiozidi robo saa tundu likaanza kumimina. Hatuna maelezo ya jambo hilo, ila kwamba ngoma ni kazi ya mtu aliyeisikia tangu utotoni.

Kichuguu si mali ya kila apitaye. Kina mwenyewe, naye hukirithi kama arithivyo mti wa matunda, na kumekuwako mashauri mbele ya wazee juu ya kichuguu kilichoota kwenye mpaka wa mashamba mawili. Ukipita sokoni Busia, upande wowote, baada ya mvua hizo za mwanzo, utawakuta kumbikumbi wakiuzwa kwa kopo, wabichi au waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe na chumvi kidogo. Ni chakula chenye mafuta na protini kwa wingi, nacho huja wakati ghala limekaribia kuwa tupu na shamba halijaota kitu. Ikiwa kuna sikukuu ya mvua isiyohitaji kuhani, wala mzee wa ukoo, wala cheti, basi ndiyo hii. Haimwulizi mtu dini yake.

Baada ya karamu huja jembe. Hapa yafaa kuwakumbuka Wasamia, ambao vilima vyao vina madini ya chuma. Kabla ya majembe ya viwandani kuletwa na meli na reli, wahunzi wa Samia waliyeyusha chuma chao wenyewe na kufua majembe yaliyouzwa hadi Busoga, Padhola na nchi ya Wajaluo. Jembe la Samia lililima, na pia lililipiwa mahari. Mtu akiwa na jembe zuri mwezi wa Machi alikuwa tajiri kwa maana iliyo wazi kabisa, yaani aliweza kuiwahi mvua.

Na baada ya jembe, pombe. Wateso huiita ajon, Waluhya busaa, na kila mmoja atakuambia kwamba hizo si kitu kimoja. Wimbi ndilo roho ya ajon. Chungu huwekwa katikati, wazee huketi wakiizunguka na mirija mirefu, na matone machache humwagwa chini kwa ajili ya wale waliolima shamba hilo zamani na sasa wamelala ndani yake. Kazi za kushirikiana, za kuvunja ardhi na baadaye za kupalilia, zililipwa kwa chungu hicho. Mwanaanthropolojia Mmarekani Ivan Karp, aliyeishi miongoni mwa Wateso wa Kenya, alichapisha mwaka 1980 insha nzima juu ya unywaji huo. Sisi tungependa kuongeza jambo moja tu la kijeshi: jamii inayokunywa kutoka chungu kimoja hujua upesi nani hakuja, na kwa nini.

Mahali palipotengwa

Upande wa Tororo Magharibi, kwa Wapadhola, msimu na mambo mengine makubwa ya nchi yalikuwa na mwenyewe, aitwaye Were, Mungu wa uwanja wa nyumbani na Mungu wa porini. Jina hilo Wapadhola hawalitumii peke yao. Majirani zao Waluhya wanalo pia. Katika karne ya 19 ilikua miongoni mwao ibada ya Bura, ambayo mwanahistoria Bethwell Ogot aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya historia ya Waluo wa kusini. Kiongozi wake mashuhuri aliitwa Majanga, na chini yake koo zilizokuwa zikijitawala kila mmoja peke yake zilipata mahali pamoja pa kupeleka haja zao. Mtu aliyekwenda huko hakwenda kwa ajili ya shamba lake tu. Alikwenda kama sehemu ya nchi.

Ukoloni haukupendezwa na mambo hayo. Kenya ilipata Sheria ya Uchawi mwaka 1925 na Uganda ikapata yake mwaka 1957, na ingawa sheria hizo zililenga madhara ya kweli, mzee aliyejulikana kwa mambo ya mvua hakuwa na hakika kama askari angemhesabu kuwa mwombaji au mchawi. Makanisa nayo yalikuja na njia yao. Wakristo wa Teso humwomba Mungu kwa jina la Edeke, lile lile la babu zao, na makanisani leo mbegu na majembe hubarikiwa kabla ya kupanda. Mtu akitaka kuona mila iliyokufa, basi asiende kanisani Jumapili ya Machi, maana ataiona imevaa suti.

Wala jambo hili si la Afrika pekee. Waairishi na ndugu zao wa Scotland, ambao mababu zao walikuwa Waselti, waliugawa mwaka katika sehemu nne, na kila sehemu ilifunguliwa kwa siku yake. Siku ya Imbolc, tarehe 1 Februari, ilihusiana na kondoo majike wanaoanza kutoa maziwa huku baridi ingali kali. Siku ya Beltane, tarehe 1 Mei, mioto miwili iliwashwa na ng'ombe wakapitishwa katikati yake ili wakingwe na maradhi kabla ya kupelekwa malisho ya kiangazi. Imbolc ilikuwa chini ya ulinzi wa Brigid, ambaye baadaye tunamkuta katika Ukristo kama Mtakatifu Brigid wa Kildare. Hadi leo watu husuka misalaba ya matete siku yake na kuitundika nyumbani. Mwaka 2023 serikali ya Ireland iliifanya siku hiyo kuwa ya mapumziko ya taifa. Kwa hiyo, mkulima wa Kildare na mkulima wa Nagongera, kama wangekutana, wasingekosa la kuzungumza: kila mmoja ana mahali palipotengwa, ana moto au moshi, ana mnyama au mbegu ya kukingwa, na ana jina la zamani ndani ya sala mpya.

Kuna tofauti moja, nayo ni nzito. Muairishi wa zamani alijua tarehe. Jua halichelewi. Mvua huchelewa, na wakati mwingine hudanganya: hunyesha siku mbili, ikaotesha mbegu, kisha ikaondoka wiki tatu. Ndiyo maana katika nchi yetu kufungua msimu ni suala la mtu mwenye kuamua.

Mjane anayengoja

Miongoni mwa Wajaluo wa Kenya, ambao wanapakana na Busia upande wa kusini, kuanza kupanda kuna jina lake, golo kodhi. Mwenye boma na mke wake mkubwa, mikayi, ndio wanaotangulia. Wake wengine hufuata kwa cheo chao, na wana wa kiume kwa kuzaliwa kwao. Usiku wa kutangulia kupanda, wenye boma hutakiwa walale kama mume na mke, na bila hivyo msimu huhesabiwa kuwa haujafunguliwa. Avunjaye utaratibu hutishiwa chira, maradhi ya kukonda na kufifia yanayoweza kumpata yeye au mtoto wake. Na kwa kuwa ndoa za pande hizi zimevuka lugha kwa vizazi vingi, si ajabu kusikia mashauri ya namna hii hata katika nyumba ambazo babu zao hawakuwa Wajaluo.

Tusiwe wepesi wa kucheka. Utaratibu huo ulikuwa na akili yake. Uliwazuia vijana wenye papara wasimwage mbegu ya familia juu ya mvua ya uongo. Uliwalazimisha waliokosana wapatane kabla ya Machi. Ulimpa mama mkubwa wa nyumba heshima ambayo hakuna mke mdogo aliyeweza kuinunua. Sisi tuliolelewa katika jeshi hatuwezi kudharau kanuni isemayo kwamba asiondoke mtu mstarini kabla ya amri.

Lakini amri yenye maana humhitaji mwenye kuitoa. Tangu miaka ya 1980, UKIMWI ulipoanza kuzimaliza nyumba za pande za ziwa na za barabara kuu ya malori, maboma mengi yamebaki na wajane. Mjane asiyerithiwa na ndugu wa marehemu, kwa kanuni hiyo, hana wa kumfungulia shamba. Akikubali kurithiwa ili apande, huenda akayapokea au akayapeleka maradhi yale yale yaliyomuua mumewe. Akikataa, hungoja. Na wana wake waliooa, wenye mashamba yao katika boma lile lile, hungoja nyuma yake. Wataalamu Ruth Prince na Paul Wenzel Geissler, katika kitabu chao cha mwaka 2010 juu ya kijiji kimoja cha magharibi ya Kenya, walieleza kwa kirefu jinsi mambo hayo yanavyogawa nyumba: waliookoka wakisema damu ya Yesu imekwisha kufungua kila shamba, na jamaa zao wakiuliza ni nani atakayebeba lawama mtoto akiugua.

Mahindi hayangoji hukumu ya shauri hilo. Mbegu ya kawaida ya pande hizi huhitaji kama miezi minne shambani. Iliyopandwa wiki tatu baada ya wenzake huanza kubeba wakati mvua inapokatika, na mama huvuna magunzi yenye meno ya kuhesabika. Tulimsalimu mama mmoja wa umri wa shangazi zetu karibu na soko, akatuita afande, nasi tukamwamkia shikamoo mama kama ipasavyo, tukamwuliza kama amekwisha kupanda. Alitujibu kwamba majirani wamekwisha, lakini kwake kuna jambo ambalo wanaume hawajalimaliza. Hakulalamika. Alisema kama mtu asemavyo kwamba daraja limebomoka, basi.

Maoni yetu juu ya hili ni dhahiri. Ngoma ya kichuguu na ibaki. Chungu cha ajon na kibaki, kwa kiasi. Heshima ya mama mkubwa kutia mbegu ya kwanza ardhini ni jambo zuri, na nyumba ikiwa na mama huyo peke yake, basi na awe yeye mfunguzi, kwani ndiye aliyebaki kuwa mkubwa. Wapo wazee waliokwisha kukubali hivyo. Mbegu ya dukani, inayonunuliwa kila msimu katika mfuko wenye muhuri, haikupita juu ya meko ya mtu yeyote wala haijui ukoo. Hata washika mila wakali wameinunua bila kusitasita. Kama mila iliweza kuupokea mfuko huo, itawezaje kushindwa kumpokea mjane?

Mstari juu ya shamba

Jambo la pili la kuzingatiwa ni mpaka. Tarehe 1 Aprili 1902, katika mwezi wenyewe wa kupanda, sehemu ya mashariki ya Uganda ilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mpaka wa leo hufuata Mto Sio kutoka ziwani, na mbele zaidi Mto Malaba kuelekea Mlima Elgon. Wasamia wakajikuta pande mbili, Wateso vile vile. Mzee wa ukoo yuko ng'ambo hii, kaburi la babu yake liko ng'ambo ile, na shamba la mtoto wake huenda liko mahali ambapo mtu huweza kurusha jiwe likaangukia nchi nyingine.

Kwa askari, mpaka ni mpaka. Ndiyo kazi yake, nasi hatuionei haya. Lakini kalenda za serikali hazikuwahi kusoma Okwang wala Odung'el. Desemba 1987 majeshi ya nchi hizi mbili yalirushiana risasi hapo Busia, na waliokuwa na nyumba upande mmoja na migomba upande wa pili walikaa siku nyingi wakiitazama kwa mbali. Machi 2020, kwa ajili ya ugonjwa wa UVIKO-19, Uganda iliifunga mipaka yake kwa abiria. Malori ya mizigo yalipita, mkulima mwenye jembe begani hakuruhusiwa. Baina ya matukio hayo mawili mambo mengi yalitengenezwa, ikiwa ni pamoja na kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilichozinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni mwezi Februari 2018, wiki chache kabla ya mvua. Kituo hicho kimepunguza foleni ya malori. Mwenye kilo mbili za mbegu hupita pale pale apitapo siku zote, na wala hatutapataja.

Mpaka umegawa hata habari za mvua. Kenya ina idara yake ya hali ya hewa na Uganda ina yake, na kila moja hutoa utabiri wa msimu wa Machi hadi Mei, hata kwa lugha za wenyeji. Mkulima wa Busia, mwenye redio ishikayo stesheni za nchi zote mbili, husikia utabiri mara mbili, na pale maneno yasipolingana huchagua ule aupendao. Wakati huo huo, si mbali, huko Bunyore katika kaunti ya Vihiga, uko ukoo wa Nganyi, waliosifika kwa vizazi kuwa mafundi wa mvua. Wana misitu yao midogo ya miti ya asili, iliyotunzwa kwa heshima. Hutazama miti ipi imetoa maua na ipi imepukutisha, wadudu wanafanya nini, upepo unatoka wapi, na wana chungu chao chenye dawa na mwanzi wa kupulizia. Kuanzia mwaka 2008 idara ya hali ya hewa ya Kenya, pamoja na kituo cha tabianchi cha IGAD, ilianza kukaa nao kabla ya msimu. Wazee huleta yao, wataalamu huleta yao, hujadiliana, na utabiri mmoja hutangazwa kwa lugha ya wenyeji.

Wako wanaolibeza jambo hilo, wakisema serikali imekwenda kwa waganga. Sisi tunaliona vingine. Wale wazee walikuwa wakiaminiwa, na mtaalamu alikuwa na vipimo. Kila mmoja alikosa alichokuwa nacho mwenzake. Faida yake ni kubwa zaidi katika nchi ya chini, huko Budalang'i, ambako Mto Nzoia huvunja kingo zake na kuwafukuza watu majumbani, na ambako redio ya jamii ya Bulala ilianzishwa ili onyo lifike kabla ya maji. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita hata alama yake maarufu ya mwaka 1964. Mwaka kama huo, kuipokea mvua kwa ngoma tu hakutoshi. Yapasa pia kujua ni wapi pa kuhamishia mbuzi.

Hakuna kinachozuia utaratibu wa Nganyi usifanywe pia mpakani. Ofisa mmoja wa hali ya hewa kutoka kila upande, wazee wa Samia, Teso, Khayo na Padhola, na akina mama wanaotunza mbegu, wakae siku moja mwishoni mwa Februari chini ya mwembe wowote wenye kivuli cha kutosha. Tangazo lisomwe saa ile ile, kwa Kisamia, Kiteso, Kipadhola na Kiswahili, pande zote mbili za Mto Sio, nalo liseme wazi kwamba kila mwenye shamba, mume, mke au mjane, anaweza kupanda kuanzia wiki fulani. Gharama yake haifikii thamani ya mafuta ya lori moja la jeshi kwenda Tororo na kurudi.

Hadi siku hiyo, mvua ya kwanza itaendelea kutangazwa kama ilivyotangazwa daima. Watoto wa pande zote mbili watapiga vijiti juu ya mti mkavu, kichuguu kitafunguka, na kesho yake sokoni Busia kopo la kumbikumbi litauzwa kwa shilingi ya Kenya au ya Uganda, kwa kadiri ya mfuko wa mnunuzi.